Watoto Wanne wa Kuazima

Albertville, Jumatatu 24 Juni 1963

Leo nimeandika saba. Nieleze vizuri, maana daftari hili halisomwi na mtu isipokuwa mimi, na mimi sina sababu ya kujidanganya.

Ile nyumba ya matofali iliyo juu ya stesheni, ya yule fundi Mbelgiji aliyeondoka na mbwa wake wawili, iko tupu. Vyumba vinne! Bomba la maji ndani! Beseni la kuogea refu kama mtumbwi! Tangazo linasema kamati ya nyumba itaitoa kwa mtu wa reli "mwenye familia kubwa na yenye adabu". Karatasi tulijaza leo asubuhi kwenye biro, ofisi ya Papa Banza, mkuu wa kamati. Mtu mnene, mpole, mwenye miwani ya aina mbili: ya kusoma na ya kutazama watu.

Mbele yangu kwenye mstari alisimama Firmin. Firmin ni karani kama mimi, meza yake iko mbele ya yangu kwenye chumba cha mizigo, na kwa bahati mbaya nyumba yake iko mbele ya yangu pia. Mtu anayepaka viatu rangi hata siku ya mvua. Kila Jumapili hutembeza watoto wake, mmoja nyuma ya mwingine, kama bata. Nilichungulia begani kwake. Penye nafasi ya watoto aliandika 6, taratibu, na mkia mzuri, kama padri anayeandika jina la mtakatifu.

Mimi ninao watatu. Zamu yangu ilipofika, mkono wenyewe uliandika 7. Na wino wa serikali haufutiki!

Papa Banza alisoma, akabadilisha miwani, akanitazama. Alisema hakujua kwamba nina watu wengi hivyo nyumbani. Nikajibu ni neema. Akasema vizuri sana, Jumapili ni sikukuu ya Uhuru, yeye atakaa barazani mwa hoteli na kutazama familia zikitembea mjini, na atafurahi kuwaona wangu wote. Nikasema wao pia watafurahi.

Zimebaki siku sita. Wanapungua wanne.

Jumanne 25 Juni

Nimemwambia mke wangu Alphonsine. Nilimweleza polepole, hatua kwa hatua, jinsi tutakavyotembea mjini familia nzima na watoto saba. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Aliuliza kama hao wanne nataka awazae kabla ya Misa au baada ya Misa.

Mwanamke huyu hana akili ya mipango. Ana akili ya maharage.

Nimetazama mali niliyo nayo. Bibiane, miaka minane, anajua kila kitu na anakisema. Norbert, miaka mitano, hajui kitu na anauliza kila kitu. Louise, miaka miwili, anatapika. Kwa hawa watatu hata mpishi wa hoteli asingenipa kibanda.

Lakini kichwa changu kinafanya kazi hata mimi mwenyewe ninapolala. Mama Célestine! Jirani yetu wa nyuma, anauza samaki wa ndagala sokoni. Mume wake alikuwa mfunga mabehewa. Mwaka wa sitini, wakati wa machafuko, alitoka na garimoshi na hakurudi. Mama Célestine ana watoto wanne. Wanne kamili, kama vile waliagizwa!

Nilikwenda jioni. Nilimwambia moyo wangu unauma nikifikiri kwamba watoto wake hawajawahi kutembezwa mjini siku ya sikukuu na mtu mzima mwenye kravati. Alinitazama, mkono ndani ya kikapu cha samaki. Alisema sawa. Masharti: wale krema ya barafu, waione meli kubwa, na warudi wanne.

Warudi wanne! Kama vile mimi ni mtu wa kupoteza watoto. Nilijibu kwa ubaridi.

Alhamisi 27 Juni

Mazoezi uani. Ee Mungu!

Watoto wa Mama Célestine ni watoto wa sokoni. Mkubwa anaitwa Valère, miaka tisa, ana macho ya hakimu. Wengine watatu nimekosa kushika majina yao, kwa hiyo nimewapa wote namba kwa kimo. Valère wa kwanza, Bibiane wa pili, wale watatu katikati, Norbert wa sita. Louise atabebwa na mama yake, ni wa saba. Amri ni tatu tu. Kushikana mikono. Kufunga mdomo. Macho mbele, hakuna kugeuza kichwa. Bata wa Firmin hawageuzi kichwa.

Tulizunguka kisima mara kumi na mbili. Namba nne alianguka kisimani, lakini hakuna maji siku hizi. Niliwafundisha kuniita Papa. Valère aliuliza, “Papa wa ukweli ao wa Jumapili?” Nikamwambia wa Jumapili. Akasema ni sawa, alitaka tu kujua.

Norbert alinijia baadaye. Aliuliza kama yeye pia ni wa kuazima. Nilimwambia asiniharibie mstari.

Firmin alichungulia juu ya ukuta. Aliuliza kama nimefungua shule. Nilimjibu kwamba ni watoto wa ndugu zangu wa Mpala, wamekuja kwa sikukuu. Alisema ndivyo alivyofikiri. Nimekaa saa nzima nikijiuliza alifikiri nini. Watoto wale anawaona kila siku wakiiba mapapai yake! Mtu mwenye adabu ya namna hii ni mtu hatari.

Jumamosi 29 Juni

Nguo zimefika. Hapa niliwapita wote. Niliwaza hivi: Papa Banza atajuaje kwamba hawa saba ni wa mtu mmoja? Sura zao hazifanani, Valère anafanana na hakimu na wa kwangu wanafanana na mama yao. Jibu ni kitambaa kimoja. Buluu, na nyota za manjano, kama bendera. Fundi cherehani aliniapia kwamba kilikuwa kipande cha mwisho mjini, amekiweka kwa ajili ya mtu wa maana. Nilichukua chote.

Watoto wote sita kwa shati na gauni la buluu, na Louise pia. Nilipowasimamisha walionekana kama kipande kimoja cha mbingu. Hata Alphonsine aliacha maharage akaja kutazama. Halafu akasema kwamba sasa tutajuaje yupi ni yupi. Nilimwambia hiyo ndiyo maana yake.

Jumapili 30 Juni, asubuhi

Wamevaa. Wamepakwa mafuta. Namba tatu analia kwa sababu ya viatu. Kostimi yangu, suti ya harusi, bado inaingia, nikishika pumzi. Firmin ameshatoka. Tunaondoka sasa. Nyumba ya matofali, tunakuja!

Jumatatu 1 Julai

Jana sikuandika tena. Mkono ulikuwa hauandiki. Leo hakuna kazi, watoto wamelala, nitaandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Misa. Fanfari, tarumbeta na ngoma. Hotuba, kisha hotuba ya kueleza hotuba ya kwanza. Askari walipita, wawili walikosea hatua. Nilifurahi sana mpaka tulipoingia barabara kuu. Barabara yote ilikuwa buluu! Buluu na nyota za manjano! Kila mtoto wa tatu alikuwa amevaa kitambaa changu. Wa makarani, wa askari, hata wa wavuvi wa kaskazini mwa ziwa, waliokuja kwa mitumbwi na kujaza bandari kwa vikapu vyao na harufu yao. Kipande cha mwisho mjini! Yule fundi ameuza meli nzima.

Twende mbele. Krema kwa Mgiriki mwenye mkahawa. Miaka mitatu iliyopita tusingeruhusiwa kukaa kwenye viti vile. Sasa tunaruhusiwa kukaa na kuchekwa. Watoto wa Mama Célestine walikula kama watu waliofunga Kwaresima mbili. Louise alikula ya kwake, akala ya Norbert, kisha akanigeukia kwa mapenzi na kutapika vyote kwenye kostimi yangu. Mgiriki alicheka mpaka akashika meza.

Alphonsine alimfuta mtoto, hakunifuta mimi. Alisema Louise ana joto, anarudi naye nyumbani, na mimi niwarudishe wengine. Nilimwambia haiwezekani, Papa Banza hajatuona. Hapo alinishika kravati.

“Papa Bibiane, unisikie muzuri. Tazama watoto. Usitazame baraza.”

Nilimwambia nitatazama vyote viwili. Mtu mwenye macho mawili anashindwa nini?

Wakabaki sita. Sita! Sawasawa na Firmin! Nilichukia. Lakini niliwaza kwamba mtoto mgonjwa nyumbani ni jambo la familia yenye adabu, linaongeza hata huruma.

Kwanza meli, kwa sababu Valère alikumbusha masharti. Bandarini watu walikuwa kama mchanga. Niliwapa dakika kumi watazame, nami nikasimama pembeni nikitengeneza sentensi ya kumwambia Papa Banza. Ilikuwa sentensi nzuri, ilikuwa na neno “kizazi” ndani. Hapo meli ikapiga honi. Watoto wote wa Albertville walipiga kelele na kukimbilia upande mmoja, kisha wakakimbia kurudi, buluu juu ya buluu. Niliita. Nilipiga makofi. Walikuja. Nilihesabu nyota na mashati: sita. Mbele, tembea!

Nilitangulia mimi, kifua mbele, mkono ukificha doa la Louise. Mara ya kwanza tulipopita hotelini Papa Banza alikuwa anaongea na mtu. Tukazunguka nyumba ya posta. Mara ya pili alikuwa anakunywa, na glasi ilimfunika uso. Njiani Bibiane alisema, “Papa.” Nikamwambia mdomo. Tukazunguka tena. Akasema, “Papa, tazama nyuma.” Nikamwambia macho mbele, hakuna kugeuza kichwa, yeye wala mimi. Nilijisifu kwa jibu hilo. Naandika ili nilione.

Mara ya tatu Papa Banza aliinua mkono, akaniita kwa jina langu.

“Papa Pontien! Ulete hao watoto hapa, tuwaone.”

Tulipanda ngazi. Chini ya ngazi alikuwa Firmin na mke wake na bata sita, wanangoja zamu. Nilimpita bila kumtazama. Saa yangu ilikuwa imefika! Papa Banza alivaa miwani ya kutazama watu. Aliuliza majina. Valère alisema Valère. Bibiane alisema Bibiane. Wale watatu wa katikati walisema majina yao na mimi niliyasikia kwa mara ya kwanza. Halafu akainama kwa yule mdogo wa mwisho, akamshika kidevu, akamwuliza na yeye anaitwa nani.

Mtoto alijivuta nyuma. Kisha akasema maneno mengi haraka, kwa Kibembe, lugha ya watu wa kaskazini mwa ziwa.

Nilimtazama. Shati la buluu. Nyota. Kimo kilekile. Uso si wa Norbert.

Sasa nitaandika jambo baya. Papa Banza aliniuliza mtoto anasema nini, na mimi nilimjibu kwamba ndiye wangu: “Njo Norbert huyu. Ana haya ya watu.” Nilisema! Nilijua, na nilisema. Beseni la kuogea lilikuwa bado kichwani mwangu.

Bibiane aliachia mkono wa Valère.

“Hapana. Huyu si Norbert. Norbert hakuwa na sisi tangu kwa meli. Papa, Norbert iko wapi?”

Barazani watu waligeuza viti kututazama. Mimi nilikuwa na sentensi yenye neno kizazi, haikutoka. Nilisikia tu ziwa. Mwaka wa sitini na moja watu wengi walipoteza watoto njiani wakikimbia, na baadhi yao hadi leo wanapita sokoni wakitazama nyuso za watoto wakubwa. Mimi nilikuwa nimempoteza wangu siku ya sikukuu, kwa fanfari, mchana kweupe, kwa ajili ya bomba la maji.

Nilisema, “Mutoto wangu amepotea.” Nilisema kwa sauti ambayo siijui.

Na nani alisogea wa kwanza? Firmin. Bila shaka Firmin! Alikuwa na mguu kwenye ngazi, zamu yake, familia yake imenyooka, miwani ya Papa Banza ikimngoja. Aligeuka. Wawili aliwatuma stesheni, wawili sokoni, wawili kanisani, mke wake akabaki kwenye ngazi ya hoteli ili Norbert akirudi amkute mtu. Bata wale walitawanyika kama askari. Kisha akanishika mkono na kuuliza yule mtoto wa Kibembe yuko wapi. Nilimwambia aachane na huyo mtoto, namtaka wangu. Akasema, kwa upole ule wake usiovumilika, kwamba mahali alipopotea huyu njo mahali alipopotea yule. Bibi yake alikuwa Mubembe. Firmin anajua maneno kumi. Alimwuliza mtoto watu wake wako wapi. Mtoto alinyoosha kidole upande wa mto.

Nilimweka begani. Tulikimbia. Bandarini niliuliza kila mtu mwenye macho. Mzee mmoja alisema ameona mtoto wa buluu. Wote walikuwa wa buluu! Nilitazama majini kati ya mtumbwi na mtumbwi. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa na niliuchukia utulivu wake. Kiatu changu kimoja kilibaki kwenye matope. Firmin naye aliingia matopeni na viatu vyake vinavyong'aa, mpaka kwenye soksi, na hakutazama chini hata mara moja. Anakimbia kuliko mimi. Hilo pia limenikera.

Pale mto Lukuga unapotoka ziwani wavuvi wa kaskazini walikuwa wamevuta mitumbwi yao mchangani. Moshi, vyungu, wanawake wakicheka. Yule mtoto alianza kunipiga teke begani kwa furaha. Mtu mmoja mrefu alisimama, mikono imejaa ugali.

“Asukulu!” alimwita mtoto kwa jina. Halafu akamtazama mtoto aliyekuwa amekaa mguuni pake kwenye mzunguko wa chakula, akamtazama aliye begani kwangu, tena yule wa mguuni. “Ee Mungu. Basi huyu ni nani?”

Alikuwa Norbert. Samaki mkononi, mafuta mpaka masikioni.

Jina la yule mtu ni Néhémie. Aliniuliza, “Njo wewe baba yake?” Nikasema njo mimi. Alisema na yeye aliwahesabu watano bandarini, akamshukuru Mungu, wakaja kula. Mke wake njo aliona dakika hii, wakati wa kugawa samaki, kwamba mmoja hasemi lugha yao. “Tulimwuliza nani baba yake, tumurudishe. Alisema baba yake iko na wengine wengi, ameazima. Alisema huyo hatamutafuta.”

Nilipiga magoti mchangani. Norbert alinitazama. Aliniuliza kama defile, lile gwaride letu, imekwisha, na kama sasa anaruhusiwa kugeuza kichwa.

Nililia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nililia na kostimi ya harusi na kiatu kimoja, mbele ya watu wa vikapu, na mtoto wangu akanipa kipande cha samaki nikala. Walitukaribisha tukae. Tulikaa. Firmin aligeukia ziwa akajifanya anatazama ndege, ili asinione. Adabu ile siwezi kumsamehe.

Jua lilikuwa karibu kuzama tuliporudi hotelini kuchukua wengine. Watano wote walikuwa mezani na Papa Banza, krema ya pili mbele yao. Valère alikuwa anaongea, Papa Banza anasikiliza na miwani mkononi. Nilisikia maneno “kisima” na “Papa wa Jumapili”. Sikukaa kusikia mengine. Nilihesabu. Safari hii nilihesabu nyuso. Nilishika kila kidevu, na nilisema jina la kila mmoja, na wale watatu waliponisahihisha nilirudia.

Alphonsine alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshasikia, mji huu unasikia kabla jambo halijatokea. Alimchukua Norbert akamwogesha muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Kwangu alisema tu, “Papa Bibiane, maharage iko mezani.” Nilingoja matusi. Hayakuja. Nilikula maharage yote.

Jumatano 3 Julai

Tangazo limetoka. Nyumba ya matofali haikupewa Firmin! Naliandika hili la kwanza kwa sababu ndilo lililonipa nguvu ya kusoma mpaka mwisho.

Imepewa Mama Célestine.

Mama Célestine! Wa ndagala! Papa Banza aliniita bironi. Alisema sheria ya kamati inataja familia za watu wa reli, na mjane wa mfunga mabehewa ni familia ya reli kuliko karani yeyote. Karatasi yake haikuwapo kwa sababu hajui kusoma na hakuna aliyemsomea tangazo. Kama si mimi, alisema, kamati isingejua kabisa kwamba watoto wale wapo. Kisha alitoa karatasi yangu, akavaa miwani ya kusoma, akaitazama ile 7, akaichana vipande viwili. Alisema siku nyingine niandike watatu wangu, na niandike kwa herufi kubwa.

Aliniuliza Norbert hajambo. Nikasema hajambo. Akasema basi.

Jioni Mama Célestine alikuja na kikapu kizima cha ndagala. Alinishika mikono yote miwili. Alisema ile Jumanne aliona kabisa kwamba nina jambo ninalolificha moyoni, lakini hakujua kwamba ni jambo jema hivi. Kumwombea nyumba kimyakimya, na kuwavalisha watoto nguo mpya ili waonekane! Alilia. Niliinamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Nyuma yangu Alphonsine alikohoa, akakohoa tena, ikabidi atoke nje.

Firmin alikuja pia kunipa mkono. Alisema nimefanya kazi nzuri. Viatu vyake vimeshapakwa rangi. Nilimtafuta dhihaka usoni, sikuiona. Anaificha vizuri sana.

Valère na wadogo zake wamehama leo mchana. Wameoga mara tatu kwenye beseni lile. Norbert ameomba kwenda kuoga kwao, nimemruhusu, nikampeleka mwenyewe na kumngoja mlangoni mpaka alipotoka. Nilimtazama uso kabla ya kuondoka. Alikuwa yeye.

Ijumaa 5 Julai

Siku mbili nimewaza makosa yangu. Nimeyaona. Kosa lilikuwa watoto. Watoto wanakimbia, wanatapika, wanasema ukweli. Mtu mwenye akili hajengi kitu juu ya watoto.

Leo kazini nimesikia jambo. Nyumba ya pili inakuwa tupu mwezi ujao, ile yenye ukuta mweupe karibu na kiwanda. Ndogo kidogo, lakini ina stoo. Na kamati, wanasema, itamfikiria kwanza mfanyakazi anayemtunza mzazi mzee nyumbani kwake.

Baba yangu alifariki zamani, Mungu amrehemu. Lakini kule Katanika namjua mzee mmoja anayeitwa Barthélemy. Msafi. Ana fimbo yake mwenyewe, anakohoa kwa heshima, na ukimweka mahali anakaa. Hana mtu. Kesho nitakwenda kumwona na kumweleza kwamba moyo wangu unauma nikifikiri anakula peke yake.

Sijamwambia Alphonsine. Anachambua maharage.

Mzee mmoja tu, tena asiyeweza kukimbia. Huyu hata nikimtazama kwa jicho moja, atapotea wapi?